Bingwa wa dunia katoka mapema: namna ya kutabiri medali za ngumi za ridhaa

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Naendesha kipindi cha michezo kwenye redio ndogo ya mkoani, na mashindano makubwa yakifika natakiwa kutaja watakaopata medali za ngumi. Kwa Paris 2024 nilichukua mabingwa wa dunia na wa Olimpiki iliyopita, nikawaandika dhahabu. Niliumbuka. La Cruz wa Cuba alitolewa pambano la kwanza, Nikhat Zareen wa India hakufika hata robo fainali. Baadhi ya wasikilizaji walikuwa wameweka pesa kwa kunisikiliza mimi. Kocha mmoja mkongwe wa hapa kwetu ananiambia nisijisumbue, ngumi za ridhaa ni majaji na bahati. Je, ipo njia ya maana ya kufanya kazi hii kabla ya Los Angeles 2028? Na mabondia wetu wa Afrika Mashariki niwaweke wapi bila kuwadanganya watu?"

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Njia ipo, ila haitakupa kile ulichokuwa unakitafuta, yaani jina moja la uhakika kwa kila uzito. Itakupa makadirio ambayo ukiyatangaza hewani leo na mashindano yakaisha, utaweza kuyatetea mbele ya msikilizaji yeyote.

Kocha wako yuko sahihi kwa pambano moja moja. Kwa mashindano mazima hayuko sahihi. Paris, Uzbekistan ilichukua dhahabu tano kati ya saba za wanaume, na hakuna bahati inayorudia kazi mara tano. Hata kuwaamini mabingwa halikuwa kosa. Angalia waliotwaa ubingwa wa dunia wa wanaume Tashkent, Uzbekistan, 2023 katika madaraja saba yaliyokuwemo pia Paris. Hasanboy Dusmatov, Abdumalik Khalokov na Bakhodir Jalolov walichukua dhahabu. Nurbek Oralbay wa Kazakhstan alipata fedha. Watatu waliobaki hawakupata kitu, na mmoja wao alikuwa Mrusi, ambaye nchi yake haikuwa na bondia hata mmoja Paris. Aliyetabiri dhahabu saba aliona amefeli. Anayeujua mchezo huu angekwambia kwamba tatu na fedha moja juu yake ni mavuno ya kawaida, hata mazuri. Kilichokuangusha ni kuyatangaza matumaini yako kama vile kila bingwa ana uhakika wa asilimia mia.

Tuanze na hesabu ya medali yenyewe, kwa sababu watangazaji wengi wanairuka. Katika ngumi za Olimpiki hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu. Wote wawili wanaopoteza nusu fainali wanapewa shaba. Kwa hiyo anayeshinda robo fainali amekwisha pata medali, hata akipigwa vibaya mechi inayofuata. Paris ilikuwa na madaraja 13 ya uzito, saba ya wanaume na sita ya wanawake, ambayo ni medali 52 kwa mabondia 248. Bondia wa kubahatisha tu, usiyemjua jina wala nchi, alikuwa na nafasi ya asilimia 21 hivi ya kurudi na medali. Huo ndio msingi wako. Kila unayemtaja lazima uwe na sababu ya kumpandisha juu ya 21 au kumshusha chini yake.

Sasa weka njia. Chukua bondia mzuri kweli, ambaye dhidi ya mpinzani wa kawaida wa kiwango cha Olimpiki anashinda mara saba katika kumi. Akianzia hatua ya 16 bora, anahitaji ushindi mara mbili apate medali: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Dhahabu inahitaji ushindi mara nne, na hapo anabaki na 0.24. Akilazimika kuanza raundi moja nyuma, kwenye 32 bora, nafasi yake ya medali inashuka hadi 0.34 na ya dhahabu hadi 0.17. Ni mtu yuleyule, mwenye ngumi zilezile. Hata bondia wa mara nane katika kumi, na hao ni wachache sana duniani, akianzia 16 bora ana 0.41 tu ya dhahabu. Ndiyo maana mtabiri makini karibu hampi mtu yeyote zaidi ya nusu kwa dhahabu kabla ya droo. Jalolov ni mfano wa wale wachache wanaostahili kuvuka mstari huo: alikuja Paris akiwa bingwa wa Olimpiki wa Tokyo na bingwa wa dunia, katika uzito wa juu ambao wapinzani wenye uwezo wa kumsumbua walikuwa wanahesabika.

Droo ndiyo inayowaumiza wengi. Nikhat Zareen alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, 2022 na 2023, lakini Paris hakuwekwa miongoni mwa wale wanaotenganishwa kwenye droo ya kilo 50. Akaangukia upande wa Wu Yu wa China, aliyekuwa namba moja, wakakutana 16 bora. Wu Yu alishinda 5-0, yaani kwa kura za majaji wote watano, na akaenda kuchukua dhahabu. Mapambano ya namna hiyo yangeweza kuwa nusu fainali, na Nikhat angerudi na shaba akiwa amepigwa na mtu yuleyule kwa alama zilezile. La Cruz naye, bingwa wa Rio na Tokyo, pambano lake la kwanza lilikuwa na Loren Alfonso, mzaliwa wa Cuba anayeiwakilisha Azerbaijan. Huyo si mpinzani wa kukutana naye siku ya kwanza.

Kwa upande wa pili, droo inafungua milango. Kilo 51 pale Paris, Patrick Chinyemba wa Zambia alimtoa Amit Panghal wa India, ambaye miaka miwili kabla, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham, ndiye aliyemfunga Chinyemba nusu fainali. Robo fainali Chinyemba akakutana na David de Pina wa Cape Verde, na de Pina akashinda. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Cape Verde. Kabla ya droo ungeweza kumpa de Pina labda moja katika kumi. Baada ya kuona kwamba robo yake haina Mzbeki wala Mfaransa, ulipaswa kumpandisha.

Kwa hiyo toa utabiri mara mbili. Wa kwanza wiki kadhaa kabla, ukisema wazi kwamba ni wa kabla ya droo. Wa pili saa chache baada ya droo kutoka, siku chache kabla ya kengele ya kwanza, na huu wa pili ndio uuwekee uzito. Ukiwa na mtu anayejua kompyuta, mwambie akuchezeshee droo za kubahatisha elfu kumi kwa kila uzito, ahesabu kila bondia amefika nusu fainali mara ngapi. Kama huna, kalamu na karatasi vinatosha baada ya droo kutoka: kwa kila bondia zidisha uwezekano wake wa kushinda pambano la kwanza, la pili, hadi robo fainali. Hakikisha jumla ya uwezekano wa medali katika kila uzito inakuwa 4, na ya dhahabu inakuwa 1. Ukikuta dhahabu zinajumlishika 1.8, umewapendelea watu na inabidi uwapunguze.

Namba za uwezo wa kila bondia utazipata wapi? Njia rahisi na imara ni ile ya Elo inayotumika kwenye sataranji. Kila bondia anaanza na 1500. Tofauti ya pointi 100 inamaanisha mwenye nyingi anatarajiwa kushinda mara 64 katika mia. Tofauti ya 200, mara 76. Baada ya pambano, chukua matokeo (1 akishinda, 0 akishindwa), toa uwezekano uliokuwa umempa, kisha zidisha kwa 32 na uongeze kwenye pointi zake. Mwenye 1600 akimpiga mwenye 1500 anaongezewa kama 11 au 12 tu, lakini akipigwa anapoteza 20 na ushee. Tumia matokeo ya miaka miwili hadi mitatu ya karibuni: mashindano ya dunia, ya mabara, na ya kufuzu. Yaliyopita hapo yapunguze nguvu au yaache.

Elo ina tatizo moja kubwa katika ngumi za ridhaa, na ni tatizo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mabondia wa bara moja wanapigana wao kwa wao karibu mwaka mzima. Bingwa wa Afrika anaweza kujikusanyia 1700 bila kukutana na Mkazakh au Mcuba hata mmoja, na ile 1700 yake haifanani na 1700 ya mtu aliyetokea Tashkent. Kiungo kati ya mabara ni yale mapambano machache ya mashindano ya dunia na ya kufuzu ya mwisho, kama yale ya Busto Arsizio na Bangkok mwaka 2024. Yachukue hayo kama ushahidi wenye uzito mara mbili. Bondia aliyeshinda mapambano mawili Bangkok dhidi ya Wazungu na Waasia, kwangu ananiambia mengi kuliko mkanda wa bara zima.

Halafu angalia uzito wenyewe, kwa sababu ubingwa wa dunia mara nyingi hupatikana katika daraja ambalo Olimpiki haina. Tashkent 2023 wanaume walikuwa na madaraja 13, Paris saba. Asadkhuja Muydinkhujaev alikuwa bingwa wa kilo 67, akapanda hadi 71 na kuchukua dhahabu. Sofiane Oumiha wa Ufaransa alikuwa bingwa wa 60, akapanda hadi 63.5 na kupata fedha. Uliyemtafuta kwenye orodha ya mabingwa wa 71 na 63.5 hukumwona, kwa kuwa alikuwa amejificha daraja la chini. Kuelekea 2028 hali ni hiyohiyo: mashindano ya dunia ya World Boxing, shirikisho la kimataifa la ngumi, pale Liverpool 2025 yalikuwa na madaraja kumi kwa kila jinsia, na Los Angeles yatakuwa saba kwa saba. Mwanamume wa kilo 75, kwa mfano, itabidi ashuke hadi 70 au apande hadi 80. Anayeshuka, chunguza kama amewahi kupima kilo hizo na kupigana siku mbili tatu mfululizo za mashindano, maana bondia wa ridhaa hupimwa tena kila asubuhi ya siku anayopanda ulingoni. Kukata kilo tano kwa pambano moja ni jambo moja. Kuzishikilia kwa wiki mbili ni jambo jingine, na miguu ndiyo huanza kusema ukweli raundi ya tatu.

Majaji sasa. Raundi ni tatu za dakika tatu, majaji watano, kila mmoja anampa mshindi wa raundi 10 na mwenzake 9 au pungufu. Raundi tatu ni chache mno: ukipoteza ya kwanza na ya pili kwa jaji, ya tatu haikusaidii kwake isipokuwa umwangushe mtu au raundi hiyo iwe ya upande mmoja kabisa. Hapo ndipo utata unapozaliwa. Historia ya uamuzi mbovu ni ya kweli, na si siri. Seoul 1988 Roy Jones Jr. alinyimwa dhahabu kwa kura 3-2, na Rio 2016 ilifuatiwa na uchunguzi mzima kuhusu waamuzi. Lakini usiitumie historia hiyo kama sababu ya kuacha kazi. Itumie kusoma matokeo vizuri. Ushindi wa 3-2 uhesabu kama nusu ya ushindi, kwa sababu jaji mmoja akibadili raundi moja matokeo yanaweza kugeuka. Na usidanganyike na 5-0. Majaji watano wanaweza wote kuandika 29-28, pambano likawa la kubanana, na lingine la 4-1 likawa na kadi nne za 30-27. Fungua kadi, zipo kwenye matokeo rasmi.

Kumbuka pia kwamba kadi si kila kitu. Fainali ya kilo 75 Tokyo, Oleksandr Khyzhniak wa Ukraine alikuwa anaongoza wazi baada ya raundi mbili. Hebert Conceição wa Brazil akamtandika ngumi moja ya kushoto raundi ya tatu, pambano likaisha kwa nokauti. Khyzhniak akarudi Paris na kuchukua dhahabu ya kilo 80. Huyo aliyepoteza fainali hakuwa amepungukiwa kitu ulichoweza kukiona kabla, na ukimshusha sana kwa sababu ya ngumi ile unakosea mara ya pili.

Kuhusu nchi mwenyeji, watu huipa zaidi ya inavyostahili. Ufaransa ilipata medali sita Rio, ugenini. Nyumbani Paris ilipata tatu, bila dhahabu. Mimi humwongezea mwenyeji asilimia mbili au tatu kwa pambano, basi.

Siku za mwisho fuatilia vitu vichache tu. Jeraha la nyusi kwa wanaume lina uzito kuliko zamani, kwa sababu tangu 2013 wanapigana bila kinga ya kichwa, na mchaniko wa raundi ya kwanza unaweza kufunguka siku ya robo fainali. Bondia aliyepigwa nokauti kambini au kwenye mashindano ya karibuni hupewa likizo ya lazima ya kitabibu, angalau siku 30, na anarudi akiwa amekosa mazoezi ya kupigana. Mkono wa kushoto dhidi ya mkono wa kushoto hubadilisha mambo: kuna mabondia wanaong'ara mbele ya wenye mkono wa kulia na kupotea kabisa mbele ya mwenzao wa kushoto. Na kocha aliyebadilishwa miezi mitatu kabla huwa ni habari mbaya.

Sasa mabondia wetu. Usijenge utabiri kwa kumbukumbu za wazee. Uganda ilikuwa na Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo mwaka 1968, Kenya ikachota medali tatu Munich 1972, John Mugabi akapata fedha Moscow 1980, Robert Wangila akachukua dhahabu Seoul 1988 na Chris Sande shaba. Tangu hapo hakuna bondia wa Kenya, Uganda wala Tanzania aliyepata medali ya Olimpiki. Huo ndio ukweli wa kuanzia, na hauna maana kwamba hawawezi. Tokyo, Elly Ajowi wa Kenya alikutana na La Cruz katika pambano lake la kwanza, akafungwa 5-0 na mtu aliyekwenda kuchukua dhahabu. Kumlaumu Ajowi kwa hilo si haki, na kumtabiria medali kabla ya droo hakukuwa haki kwake pia.

Kwa bondia wa Afrika Mashariki aliyefuzu Olimpiki, anza na asilimia tano hadi kumi za medali. Mpandishe kama ameshinda nje ya Afrika ndani ya miezi 18, na kama droo imempa robo isiyo na vigogo. Michezo ya Jumuiya ya Madola ni hesabu tofauti kabisa. Huko hakuna Uzbekistan, Cuba, Kazakhstan wala China, na idadi ya washiriki ni ndogo. Daraja likiwa na mabondia wanane au pungufu, ushindi mmoja tu ni shaba. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike waliiletea Tanzania shaba mbili Birmingham 2022, na Michael Yombayomba alichukua dhahabu Kuala Lumpur 1998. Kwa mashindano hayo, asilimia 30 au 40 kwa bondia wetu bora si uzushi.

Na uitangaze timu nzima, siyo mtu mmoja. Tuseme una mabondia sita, na umewapa uwezekano wa medali wa 0.45, 0.30, 0.20, 0.15, 0.10 na 0.05. Jumla ni 1.25, yaani tarajia medali moja, pengine mbili. Uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 78. Uwezekano wa kurudi mikono mitupu ni 22. Sema namba zote mbili hewani. Msikilizaji akizisikia kabla, hatakuita mwongo baadaye.

Mashindano yakiisha, jipime. Kwa kila bondia chukua uwezekano uliompa, toa matokeo (1 kwa medali, 0 kwa kukosa), zidisha kwa yenyewe, kisha tafuta wastani. Aliyempa kila mtu 0.21 bila kufikiri anapata kama 0.17. Ukiwa chini ya hapo, kazi yako ina thamani. Ukiwa juu, ulikuwa unapiga kelele tu, na ni bora ujue.

Limebaki la pesa, na hapa nitasema bila kuzunguka. Kampuni ya kubeti inayo hesabu hizi zote pamoja na taarifa usizokuwa nazo, na kwenye ngumi za ridhaa inajiwekea faida kubwa kwa sababu mapambano ni mengi na habari ni chache. Makadirio yako ya redioni hayajatengenezwa kwa ajili ya mkeka, na liseme hilo kila unapoyasoma. Mtu akikufuata akidai anajua pambano lililokwisha pangwa, usimtangaze na usimlipe. Peleka taarifa kwa shirikisho la ngumi la nchi, na polisi kama amekutisha au amekuomba fedha. Na kama yupo msikilizaji, au hata wewe, anayeficha madeni ya kubeti, anayekopa ili arudishe alichopoteza, au anayekosa usingizi kwa sababu hiyo, hilo halitibiwi kwa hesabu bora. Aende hospitali ya mkoa aulizie kitengo cha afya ya akili au mshauri nasaha, na aende na ndugu anayemwamini.

Kwa sehemu ya mabondia wenyewe, fika kambini. Muulize kocha wa timu bondia wake anapima kilo ngapi asubuhi akiamka, miezi miwili kabla. Jibu hilo moja litakusahihishia namba nyingi kuliko video zote utakazoangalia.